Sakafu ya Nyumba ya Mwanga

Watu wa Kataki, mtaa mmoja wa Kalemie, walimwita Papa Mwanga, naye hakukasirika, maana katika majina yote aliyowahi kupewa hilo ndilo lililomkaa vizuri. Padre alimbatiza Bonaventure. Serikali ilipokuja na mambo yake ya kurudi kwenye asili, ikamfutia jina hilo kwenye kitambulisho na kumwandika Mukalay, jina la babu yake, na lile la ubatizo likabaki la kutumia nyumbani, kama nguo ya kulalia. Mji alikozaliwa uliitwa Albertville, sasa ni Kalemie. Nchi iliitwa Kongo, sasa ni Zaire. Alikuwa amezoea kuona vitu vikipewa majina mapya huku vikibaki vilevile, na labda ndiyo maana aliipenda sana gesi ya methani.

Nieleze kwanza kazi yake. Bila hivyo hutaelewa jinsi sakafu inayong'aa ilivyotaka kuivunja nyumba ya mtu.

Juu ya kilima, mahali ambapo ukisimama barazani unaona bandari yote na njia ya reli inavyolifuata ziwa, palikuwa na nyumba ya mawe iliyoachwa na mzungu mmoja wakati wa uhuru. Humo, taasisi moja yenye makao yake Lubumbashi, iliyochunguza gesi zinazobubujika kutoka chini ya ziwa, iliweka mashine ya leza. Mashine yenyewe ilikuwa bomba la kioo lenye gesi ndani yake, kioo cha kurudisha mwanga upande huu na kingine upande ule, vyote vimefungwa juu ya bamba zito la jiwe, na bamba limelazwa juu ya mipira ya ndani ya matairi ya lori ili mitetemo ya mji isilifikie. Mwanga uliotoka humo hauonekani kwa macho, kwa kuwa uko ng'ambo ya wekundu, upande wa joto. Watoto wa jirani walichungulia dirishani, wakamwona mtu mzima ameketi gizani akitazama sindano ya kipimo cha umeme, wakaenda kuwaambia mama zao kwamba Papa Mwanga hana mwanga wowote.

Leza ina masafa yake, kama stesheni ya redio ilivyo na yake. Na kama umewahi kuitafuta Kigoma kwenye redio ya betri, unaijua tabia ya stesheni: unaipata, unakaa vizuri kitini, habari inafika mahali patamu, nayo inateleza na kukuachia mluzi. Leza nayo huteleza. Chumba kikipata joto, bamba linatanuka kiasi ambacho hata sisimizi hawezi kukihisi, vioo vinaachana, masafa yanakimbia. Treni ikiingia, yanatetemeka. Umeme wa bwawa la Bendera ukipanda na kushuka, nayo yanapanda na kushuka. Na mtu anayepima molekuli kwa mwanga unaoteleza hana tofauti na mshonaji anayepima suruali ya mteja kwa utepe wa mpira.

Dawa yake ndiyo hiyo methani. Katika njia ya mwanga, kati ya vioo viwili, kulikuwa na kichupa kilichofungwa kabisa chenye methani kidogo mno. Methani hunywa mwanga wa rangi moja, palepale, si juu wala chini. Leza ikifika kwenye rangi hiyo hasa, methani hushiba, mwanga wa ziada hupita, na sindano huinuka kidogo, kilima kidogo tu ambacho mtu mwenye pupa hakioni. Kioo kimoja cha leza kilikuwa kimegandishwa kwenye fuwele inayovimba kidogo ikipewa umeme, na kisanduku cha umeme pembeni kilikilinda kile kilima: leza ikianza kuteremka upande wowote, fuwele inavimba au inasinyaa, kioo kinasogea, leza inarudishwa juu. Kuishikilia leza hapo juu, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Bonaventure. Yeye aliiita kukaa kileleni.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa simu za reli, na simu zenyewe zilikuwa zimeanza kufa moja baada ya nyingine. Wageni waliokuja kuifunga leza walimchukua kwa sababu alijua kuunga waya na hakuwa na haraka. Walimfundisha, wakaenda zao, akabaki nayo. Alichokipenda zaidi hakuwa amefundishwa na mtu. Methani ya kile kichupa ilikunywa rangi ileile Kalemie, Lubumbashi na Ulaya, jana na leo, na hakuna amri iliyotoka Kinshasa iliyoweza kuibadilisha. Asubuhi, leza ikishatulia kileleni na sindano imesimama, aliipata ile amani ambayo watu wengine huitafuta kanisani. Na kwa kuwa kanisani pia alikwenda, alikuwa nayo mara mbili. Sijui watu wengi wa Kalemie waliokuwa na furaha ya kazi kuliko yeye, na namwonea wivu kidogo ninaposema hivyo.

Furaha yake ya pili ilikuwa Adrienne.

Adrienne alikuja Kalemie akiwa msichana, pamoja na mama yake, kwa mtumbwi kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa, upande wa Wabembe. Mama yule alipata mahali pa kuanikia ndakala, wale dagaa wa ziwa, kwenye mchanga chini ya mji, mahali pasafi palipo karibu na mitumbwi inapofika na penye jua tangu asubuhi. Wanawake wa pale hawapati mahali hivi hivi. Ukikosekana msimu mmoja, mwingine anatandaza nyavu zake, na hutamtoa tena. Mama alipokufa alizikwa Kalemie, na Adrienne akarithi mchanga ule. Ndakala zake zilikuwa kavu, hazina punje ya mchanga, na wafanyabiashara wa treni walizitafuta kwa jina lake.

Basi habari ilipokuja kwamba taasisi inafikiri kuihamishia leza Lubumbashi, karibu na vipuri na wanafunzi na umeme usioyumba, Bonaventure aliileta nyumbani kwa uangalifu, kama mtu anayebeba chungu chenye ufa. Wakubwa wawili wangekuja kuangalia. Leza ikikaa kileleni siku nzima mbele yao, na chupa za gesi ya ziwa zikapimwa vizuri, itabaki. Ikishindwa, itaingia kwenye makasha, na fundi wake atakuwa na ruhusa ya kwenda nayo.

"Na kama inakwenda?" aliuliza Bonaventure. "Tutafanya namna gani, Mama?"

Adrienne alikuwa akipepeta ndakala. Hakuinua kichwa.

"Papa Bona, miye sitoki ku ziwa," alisema. "Mama yangu iko hapa, muchanga wangu uko hapa. Kule Lubumbashi nitaanika nini, majivu?"

"Nauliza tu."

"Na miye najibu tu."

Hapo mazungumzo yakaisha. Bonaventure hakuuliza tena. Alikuwa mume wa aina ile ambayo ikipata jibu gumu inakwenda kukaa nje na kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Lakini moyoni alijua hali yake. Leza ikiondoka, atabaki na mke bila kazi aliyoipenda kuliko zote, au ataifuata kazi na kumwacha mke mchangani. Kila alipojaribu kuchagua moja, nyingine ilimvuta shati. Akaamua kwamba hatachagua. Leza itakaa kileleni, basi.

Alifanya kazi majuma yale kama mtu anayeozesha binti. Aliongeza upepo kwenye mipira ya matairi. Aliunga betri za gari ili kisanduku cha umeme kisiyumbe. Alifunga madirisha na kuyawekea magunia, ili upepo wa ziwa usiingie na jua lisilipashe bamba. Leza ikatulia kuliko wakati wowote.

Siku ya treni ya wageni alimwachia Adrienne ufunguo. Treni ya Lubumbashi, inayopitia Kabalo, hufika ikipenda, na fundi alitaka kuwa stesheni ikipenda.

"Pangusa tu vumbi," alimwambia. "Usiguse bamba, usiguse vioo. Hata ukiona buibui juu yake, mwache."

"Kwani miye mutoto?" alisema Adrienne.

Naye hakugusa bamba wala vioo. Niseme hilo wazi, maana baadaye kuna waliosema mengine. Lakini alipoingia na binamu yake Noëlla, aliiona sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu ya wakati wa Wabelgiji, na tangu mzungu yule aondoke hakuna aliyeitunza; ilikuwa imepauka mpaka imefanana na ngozi ya mtu aliyetoka mtoni. Adrienne aliona aibu kana kwamba ni sakafu yake. Watu wanatoka Lubumbashi, wanakuja kuamua kama mume wake ni mtu wa kuaminiwa, halafu wakanyage hiyo? Huko kwetu mgeni hapokelewi kwenye sakafu iliyopauka. Unaweza kukosa nyama, unaweza kukosa viti, lakini sakafu lazima ing'ae, hata mwenye shida atakuambia hivyo.

Wakatengeneza nta. Kila mama wa Kalemie anajua: unayeyusha mishumaa, unatia rangi nyekundu, unaondoa motoni, unamimina petroli na kukoroga. Ikipoa unaipaka kwa kitambaa, unapiga magoti, unasugua. Adrienne hakuwa na mkono wa birika, hasa siku ile. Walipaka chumba chote, mpaka chini ya miguu ya meza, mpaka kwenye pembe ambako mgeni hafiki. Walipomaliza, sakafu ilikuwa kioo. Walifunga mlango, wakaacha madirisha na magunia yake kama walivyoyakuta, kwa utii kabisa.

Treni ilifika jioni. Wageni walikuwa wawili. Wa kwanza, Mama Pascasie, alikuwa mwanafizikia, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyesoma kwa masista Moba kabla ya kwenda chuo kikuu. Wa pili, Papa Edmond, alikuwa msimamizi wa mali za taasisi, na tangu Lubumbashi alikuwa amekwisha kuamua kwamba mashine nzuri haiwezi kukaa mahali ambapo treni inachelewa namna ile. Bonaventure aliwapeleka kwanza kilimani. Alipofungua mlango na taa ikawaka, sakafu ikawarudishia sura zao. Papa Edmond alivua viatu bila kuambiwa. Mama Pascasie alivuta pumzi ndefu.

"Inanukia Noeli," alisema, na uso wake ukalainika.

Kweli ilinukia Noeli. Na Pasaka, na ubatizo, na harusi. Harufu ile ya nta na petroli ni harufu ya kila sherehe ya nyumba za kwetu, na mtu aliyekulia humo haioni kuwa ni harufu ya kitu. Kwake ni harufu ya furaha tu. Bonaventure alifurika kwa shukrani. Alifika nyumbani akamwambia Adrienne kwamba mkubwa amevua viatu, na Adrienne akajifanya anashughulika na sufuria ili asionekane anavyocheka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Kesho yake mwenyeji nusura azikwe.

Asubuhi Bonaventure aliwasha leza, akaiacha ipate joto lake, kisha akaanza kutafuta kilima cha methani. Hakikuwepo. Sindano, ambayo kila siku ilisimama juu, ililala chini kama mbwa mwenye njaa. Mwanga wenyewe ulikuwa haba. Akaongeza umeme kwenye bomba, sindano ikainuka kidogo, halafu ikaanza kutangatanga, na kile kilima kidogo kikapotea katika kutangatanga huko. Kisanduku cha umeme kilijaribu kukishika kikashindwa. Alikipata, kikamponyoka. Alikipata tena, kikamponyoka tena. Jasho lilimtoka mpaka kwenye vidole, na fundi wa vioo hatakiwi kuwa na jasho vidoleni.

Mama Pascasie hakukaa kama hakimu. Alikunja mikono ya gauni, akaingia kazini pamoja naye. Waliangalia betri: nzima. Waliangalia bomba: lilikuwa na rangi yake ya kawaida. Waliangalia vioo kwa tochi, wakatazama mipira ya matairi, wakangojea treni ya mizigo ipite, ikapita, na haikuwa hiyo. Kila walichokigusa kilikuwa kizima, na mashine ilikuwa mgonjwa. Hakuna ugonjwa unaotisha kama huo.

Karibu na mchana Noëlla alipanda kilima na bakuli la ugali na mikeke ya kukaanga, samaki wa ziwa, chakula cha wageni. Alimkuta Papa Edmond barazani akijifuta shingo.

"Mama, shukrani," alisema Papa Edmond. "Lakini hii kazi imekwisha. Mashine imekufa. Kesho tunaifunga mu makasha, na fundi wake atapanda nayo treni."

Noëlla aliweka bakuli chini akateremka kilima. Alikuwa mwanamke mwema, lakini habari mdomoni mwake haikuwahi kulala.

Ndani, Mama Pascasie alikuwa ameketi kwenye kigoda.

"Papa Bonaventure," alisema, "tuseme ukweli. Kama inakwenda Lubumbashi, utakuja nayo? Miye nitafurahi. Sijaona muntu anayeijua hii mashine vile weye unaijua."

Sifa hiyo ingempendeza siku nyingine. Siku ile ilimwingia kama mwiba. Aliitazama leza, akamfikiria Adrienne mchangani akigeuza ndakala kwa mikono miwili.

"Nitauliza nyumbani," alisema.

Papa Edmond, aliyekuwa mlangoni, alicheka. "Fundi muzima, anauliza bibi?"

"Nitauliza," alisema tena Bonaventure, na hakuona haya. Haya ingekuwa kujibu peke yake.

Papa Edmond alikuwa na kichwa kinachomgonga tangu asubuhi. Chumba kilikuwa kimefungwa, joto limejaa, na yeye hakuwa mtu wa fizikia wa kuheshimu magunia. Akaenda dirishani, akavuta gunia, akalifungua dirisha lote. Upepo wa ziwa ukaingia. Bonaventure alinyanyuka kumzuia, akasimama nusu njia, maana jicho lake lilikuwa limepita kwenye sindano.

Sindano ilikuwa inapanda.

"Funga," alisema Mama Pascasie polepole. Naye pia alikuwa ameiona.

Papa Edmond alifunga. Wakangoja. Sindano ikakaa juu kidogo, halafu ikaanza kuteremka, taratibu, bila haraka, mpaka chini. "Fungua," alisema Mama Pascasie. Alipofungua, ikapanda.

"Ni hewa," alisema Bonaventure. "Mashine haina kintu. Ni hewa ya chumba."

"Hewa iko na nini?"

Wakatazamana. Mwanga ulitoka kwenye leza ukavuka chumba hadi kwenye jicho la kupimia upande wa pili, na katika njia hiyo hakukuwa na kitu ila hewa. Hewa safi haiunywi mwanga huo. Anayeunywa ni methani, na ndugu zake wote wa ukoo wa mafuta, wale wenye kaboni na hidrojeni zilizoshikana. Bonaventure alianza kuhesabu kichwani ni nani wa ukoo huo angeweza kuwa ameingia humo ndani. Mama Pascasie alifanya jambo jepesi zaidi. Aliinama kwenye kigoda chake, akapitisha kidole sakafuni, akakinusa.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Bonaventure akafikiri analia.

"Esanse," alisema, akicheka mpaka machozi. "Papa, ni esanse, ile petroli ya nta. Inapanda pole pole, inajaza chumba, na mwanga wote unanywewa mbele haujafika. Miye nilipaka sakafu ya masista kule Moba, magoti yakaota sugu. Nimekaa hapa tangu asubuhi, naisikia hii harufu, na pua yangu haikuniambia kintu. Nilikuwa nafurahi tu."

"Na miye vilevile," alisema Bonaventure. Aibu na nafuu vilimjia pamoja, na hakujua kipi akipokee kwanza.

"Nani alipaka?" aliuliza Papa Edmond, kwa sauti ya msimamizi wa mali.

Bonaventure alinyoosha mgongo. "Bibi yangu njo alipaka. Kwa heshima yenu."

Papa Edmond alitazama miguu yake, iliyokuwa na soksi tupu kwa siku ya pili.

Walifungua kila kilichofunguka. Upepo wa ziwa ulifanya kazi kwa saa kadhaa, na wao watatu walikula ugali na mikeke barazani kama watu waliotoka kuzika mtu wakakuta yuko hai. Petroli ilipokwisha kupaa, walifunga tena madirisha, Bonaventure akaketi, akageuza kifundo kwa vidole viwili. Kilima kikatokea. Akakishika. Kikakaa. Chupa za gesi ya ziwa zikapita mbele ya mwanga moja baada ya nyingine, na kila moja ikasema ina nini ndani yake, bila kubabaisha. Jua lilipokaribia kuzama, leza ilikuwa bado kileleni.

"Hata asubuhi mashine haikukosa," alisema Mama Pascasie alipokuwa akifunga mkoba wake. "Mwanga njo ulikosekana, kilima hakikuonekana. Inabaki hapa, Papa. Gesi iko hapa, weye uko hapa. Nitaisema hivyo, na Papa Edmond atakubali."

Papa Edmond alikubali. Alikuwa anatafuta viatu vyake.

Bonaventure aliteremka kilima karibu akikimbia, mtu mzima mwenye mvi. Watu walimsalimu naye akawaitikia mara mbili mbili. Alikuwa amepanga maneno. Angeanza na mzaha, angesema mashine imelewa, halafu angesema inabaki, halafu hawangezungumza tena habari ya Lubumbashi maisha yao yote.

Aliingia uani akasimama. Magodoro yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kamba. Sufuria zilikuwa ndani ya gunia, mdomo umeshonwa. Nyavu za kuanikia hazikuwepo ukutani. Adrienne alikuwa ameketi juu ya godoro moja, macho mekundu, mikono imetulia mapajani, na mikono ya Adrienne haikuwa na desturi ya kutulia.

"Usiseme," alisema. "Noëlla alinielezea. Treni ni kesho?"

"Mama..."

"Nyavu nimekwisha kumupa Noëlla. Na muchanga vilevile. Alilia, miye pia nililia, imekwisha. Leo muchana yote nilikuwa nafikiri: kule Lubumbashi watu hawali ndakala? Wanakula. Nitauza za kununua. Hazitakuwa safi, lakini nitazipepeta."

Maneno yote ya mzaha aliyoyapanga Bonaventure njiani yalimpotea. Aliketi kwenye godoro jingine, mbele ya mke wake.

"Inabaki," alisema.

"Nini inabaki?"

"Mashine. Ilipona. Inabaki Kalemie."

Adrienne alimtazama. Akatazama magodoro, gunia, ukuta ulio wazi. "Ilikuwa na ugonjwa gani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Bonaventure alifikiri kumficha. Lakini hawakuwa watu wa kufichana, tena Noëlla angejua kabla ya kesho. Akamweleza habari ya petroli inavyopaa na kuunywa mwanga. Adrienne alijifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Mama Pascasie anasema hajaona sakafu ile tangu alipotoka Moba," alisema Bonaventure haraka. "Alicheka. Tulicheka sote. Hakuna aliyekasirika."

"Kumbe miye njo nusura nikuue," alisema Adrienne, na nyuma ya mikono alianza kucheka naye, kicheko cha mtu aliyechoka kulia. "Na muchanga wa mama! Nitamuambia nini Noëlla?"

"Tutakwenda wote wawili. Nitamuomba kwa magoti."

"Atakufanya uombe mpaka Pasaka, unamujua."

Jirani mmoja alipita, akaona mizigo, akafungua mdomo, akaona nyuso zao, akaufunga. Bonaventure alishika fundo la kamba ya godoro. Lilikuwa fundo la watu wa mitumbwi, limekazwa kwa nguvu zote, fundo la mtu ambaye hakusudii kulifungua upesi.

"Lakini weye ulisema hutoki ku ziwa," alisema.

"Nilisema," alijibu Adrienne. "Siku ile weye ulikuwa bado hapa."

Akamsogezea mume wake kamba ile, wakaanza kuifungua pamoja.